Meza ya Mama Mkwe na Mteremko Nilioumwaga Mwenyewe

Leo sina uso. Nimeaibika mbele ya mama mkwe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote, sijaonja hata tone. Nawaandikia nimejificha nyuma ya choo na chaji inakaribia kuisha, kwa hiyo nisomeni kwanza, maswali baadaye.

Wengi humu mnanijua. Ni mimi Kakule, fundi mwashi wa hapa Butembo, yule aliyekuwa anawaambia kila siku kwamba ukuta wangu ukipinda basi dunia ndiyo imepinda. (Hayo maneno naomba myasahau kuanzia leo.) Mnajua pia kwamba kazi ya ujenzi imekufa. Tangu barabara ya Beni ichafuke kwa vita, na watu wa Kirumba nao wakaanza kupanda huku na magodoro kichwani, hakuna anayemwaga msingi. Nani ajenge wakati hajui atalala wapi mwezi ujao? Mwiko wangu ukaanza kushika kutu. Ndipo nikajifundisha kwenye simu kutengeneza ile mashine inayochonga mbao yenyewe kwa kuongozwa na kompyuta.

Niliitengeneza hapa hapa barazani. Reli zake nilizitoa kwenye droo za kabati la chuma la ofisi fulani iliyovunjwa. Mota zake zilikuwa za mashine mbovu za fotokopi. Kadi inayoziamuru nilitumiwa kutoka Kampala, imefungwa ndani ya soksi. Juu nikafunga défonceuse, kile chombo cha seremala chenye kisu kinachozunguka kwa kasi, na kompyuta yangu imeng'oka vitufe vya herufi tatu lakini inafanya kazi. Mashine nikaiita Mupagasi, yaani kibarua, kwa sababu inafanya kazi kutwa bila kudai chakula. Nilijivuna, nisiwafiche. Nilipita mtaani kama mtu aliyezaa mapacha.

Tatizo lilikuwa kitanda chake, ule ubao wa chini ambao juu yake unalaza kazi unayotaka kuchonga. Nilikuwa nimeweka triplex, zile mbao nyembamba za kugandishwa. Baridi yetu ya Butembo na mvua ya kila jioni vikaivimbisha, ikawa na vilima na mabonde. Juzi nikachonga kibao cha jina kwa mama mmoja wa saluni. Herufi za mwanzo zikazama hadi karibu zitoboe, za mwisho zikakwaruzwa kidogo tu. Mwenye saluni alikitazama kwa adabu, akaniuliza kama wateja wanatakiwa kubahatisha sehemu iliyobaki.

Kwa hiyo nikahitaji ubao mnene, mzito, mkavu, usiovimba. Nyumbani kwangu ubao wa namna hiyo ulikuwa mmoja tu. Na ulikuwa wa mama mkwe.

Hapa lazima niwaeleze, la sivyo hamtaelewa kwa nini nipo nyuma ya choo.

Mama mkwe anaishi nasi tangu alipokimbia Beni. Nyumba yake iko upande wa komini ya Ruwenzori, kwenye mitaa ya mwisho inayopakana na mashamba, na wale waasi wanaoua kwa mapanga walipofika hadi mtaa wa jirani, aliondoka asubuhi yake. Dereva wa lori alimwambia kuna nafasi ya kitu kimoja: magunia yake ya maharagwe au meza. Mtu mwingine angechukua maharagwe. Mama mkwe akachukua meza. Ilipogoma kuingia na miguu, wakaing'oa miguu yote minne kwa nyundo, akaifunga kwenye gunia, akaiacha nyuma ya mlango wa nyumba yake, akafunga kwa kufuli. Juu ya lori akaja na ubao wa juu peke yake, akaukalia njia nzima.

Meza hiyo aliitengeneza marehemu baba mkwe, ya mbao ya libuyu, unene wa vidole vitatu, mwaka waliooana. Mke wangu Kavira na ndugu zake wote walikula juu yake. Mimi mwenyewe siku ya kwenda kuposa niliwekwa mbele ya meza hiyo, na nilitetemeka mpaka kikombe kikacheza. Tangu aje kwetu nimemwomba mara nyingi, kupitia kwa Kavira, niitengenezee miguu mingine, tupate pa kulia. Jibu lake ni lile lile: "Iko na miguu yake. Inaingoja kule." Basi ubao ukakaa umeegemezwa ukutani, umefunikwa blanketi, karibu na mahali anapolala. Sisi tunakula chini barazani, sahani kwenye mkeka, kwa sababu sebule imejaa wageni wa vita.

Jambo la pili. Kwetu, mtu hasemi na mama mkwe wake ovyo. Humwangalii machoni, humkalii karibu, hamtaniani. Mnapitisha maneno kwa mke. Siku za amani ni rahisi: mnaonana kwenye sherehe, unasalimia kwa mbali, unaondoka. Sasa vita vimetuweka kwenye nyumba moja yenye choo kimoja. Kila asubuhi tunakutana mlangoni, mimi nasoma ukuta, yeye anasoma angani. Kavira amechoka kuwa simu yetu.

Sasa rudi kwenye leo.

Asubuhi Kavira aliniambia kwamba mama yake amesikia habari ya kibao cha saluni. Amesema naweza kuuazima ubao wake niutumie kama kitanda cha Mupagasi mpaka siku atakaporudi nyumbani, kwa sababu sisi tunamlisha na yeye hapendi kukaa bure. Masharti ni mawili: nisipige msumari, na nisitoe zaidi ya kile kinachohitajika kuulainisha. Najua ubao ule ni nini kwake. Nikamwambia Kavira ampelekee shukrani, na kwamba nitaulainisha kwa kiasi cha unywele tu, utarudi kwake ukiwa kioo.

(Unywele. Kumbukeni hilo neno.)

Kavira akaenda sokoni. Nikabaki mimi, mama mkwe akichambua maharagwe kwenye mlango wa jikoni, na kuku.

Kuulainisha ubao wa namna hii ni kazi nyepesi kwa maneno. Unaufunga kwenye mashine, unaweka kisu kipana, unaiamuru mashine ipite juu yake huku na huku kama mtu anayefyeka nyasi. Inaondoa vilima, unabaki uso ulionyooka. Kabla ya kuanza unachora mistari ya makaa juu ya ubao wote. Mashine ikishapita, palipobaki makaa ndipo palipo bonde, bado hapajaguswa. Unashusha kisu kidogo, unarudia. Makaa yakiisha yote, umemaliza.

Wenye akili wanaufunga ubao na kuanza. Mimi ni mwashi. Mwashi haanzi kitu kabla ya kuweka niveau, ile rula yenye kitone cha hewa kinachocheza ndani ya maji. Baba yangu alinifundisha niveau kabla ya kunifundisha kusali. Nikaiweka juu ya ubao. Kitone kikakimbilia upande wa mlango. Nikacheka peke yangu: kumbe ndiyo maana herufi zilizama upande mmoja! Nikachukua vipande vya mbao, nikavisukuma chini ya ubao, upande wa bondeni, mkabala na mlango, kimoja, kingine, kingine, hadi kitone kikatulia katikati. Upande huo ukapanda vidole viwili hivi. Nikafunga vibano. Nikasimama nyuma na kuutazama kwa mapenzi.

Ambacho sikufanya ni kuweka niveau juu ya mashine yenyewe.

Mashine imesimama sakafuni. Sakafu ya baraza imeinama. Na imeinama kwa sababu niliimwaga mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, na mteremko niliuweka makusudi ili maji ya mvua yatoke kuelekea bondeni. Nilijisifia mteremko huo kwa majirani wote. Kwa hiyo Mupagasi, na reli zake, na kisu chake, vyote vinatembea kwa kufuata mteremko. Halafu katikati yao nimelaza ubao mmoja tu ambao hauufuati. (Kama bado hamjaelewa, msijali, mimi nimeelewa saa nne baadaye.)

Nikawasha. Courant, yaani umeme, ilikuwa nzuri ajabu leo, haikukatika hata mara moja. Siku nyingine zote ingekatika na kuniokoa.

Mupagasi akapita mara ya kwanza. Vumbi jekundu la libuyu likaruka, harufu yake nzuri ikajaa baraza. Upande wa bondeni makaa yakafutika, mbao ikatoka mpya, inang'aa. Upande wa mlango makaa yapo yote. Nikasema ubao umebonyea upande wa mlango, meza ya zamani hii, imechakaa pale watu walipokuwa wanaegemeza viwiko. Nikashusha kisu, nikarudia.

Makaa ya upande wa mlango yapo.

Nikashusha tena. Yapo. Yamepungua kidogo katikati, lakini kule mlangoni yamekaa, yananitazama.

Wakati huo jirani yangu chef Kalala akaingia. Huyu ni mtu wa Kasai, ametumwa huku na serikali, anafanya kazi kwenye bureau ya komini na kila siku yuko barazani kwangu kwa sababu mshahara hauji na ofisini hakuna kiti. Alisimama, mikono mgongoni, akatazama mashine kama anakagua gwaride. Mtu akikutazama hivyo unanyoosha mgongo. Nikamweleza mambo ya kisu, makaa na niveau, nikimwonyesha kitone kilichotulia. Akaniambia kwamba kweli sisi Wanande wa Butembo hatulali. Nikavimba zaidi ya ile triplex.

Nikashusha kisu tena.

Ndipo nikamsikia mama mkwe. Hakuwa anasema na mimi, haiwezekani. Alikuwa anasema na kuku aliyekuwa anadonoa maharagwe yake yaliyoanguka.

"We kuku," alimwambia polepole, "uko naona vile ile meza iko nakuliwa upande moja? Ao ni miye peke niko naona?"

Nimesikia. Nawaambia kweli, nilisikia kila neno. Lakini maneno aliyoambiwa kuku si yangu. Adabu inasema mkwe asisikie kisichomhusu, na kiburi changu, leo, kikakubaliana na adabu kwa mara ya kwanza maishani. Nikajifanya naangalia kompyuta. Kuku naye hakujibu.

Mupagasi akapita. Kule bondeni sasa ubao ulikuwa umeshuka wazi, yeyote angeona. Mama mkwe aliweka ungo chini. Kavira hayupo, kuku hafai, akamwita chef Kalala kwa mkono. Wakanong'ona. Chef akarudi kwangu, na lazima nimheshimu, alileta ujumbe wote bila kupunguza.

"Voisin, mama iko nasema ule upande wa chini uko namalizika. Mais miye sijue mambo ya mbao, niko tu natumwa."

Hapa ndipo ningeweza kupona. Ningebonyeza kitufe kimoja, ningepima unene wa ubao kwa kidole, ningeona. Badala yake nilivuta pumzi, nikajibu kwa sauti ya kumfikia hadi jikoni, mimi, mtu mzima, baba wa watoto:

"Umwambie mama asikuwe na wasiwasi. Niveau haidanganyaka."

Chef akampelekea. Mama mkwe alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Safari hii hakumgeukia kuku. Alisimama, akaacha maharagwe yake pale pale, akaingia ndani na kurudisha mlango. Mimi nilidhani ameridhika.

Sasa hivi nikikumbuka ule mgongo wake ukiingia ndani, natamani niuzime umeme wote wa Butembo.

Makaa yalibaki mstari mmoja tu, kwenye ukingo wa mlango. Mstari mmoja! Nikamwambia chef atazame, huu ndio mwisho, utaona uso wa ubao utakavyokuwa. Nikashusha kisu mara ya mwisho. Nikakishusha zaidi kidogo kuliko kawaida, kwa sababu ya furaha.

Mupagasi akaanza kule bondeni. Akaenda, akarudi. Akaenda, na sauti ikabadilika. Mlio wa kisu kinachokula mbao nene ni mzito. Huu ukawa mwembamba, wa kupiga makelele, na pembeni mwa ubao pakatokea tundu. Tundu la mraba kabisa, kingo zake zimenyooka. Nikalikodolea macho. Mashine ikavuka hadi ukingo wa pili, na tundu la pili likafunguka, mraba vilevile, ndugu yake yule wa kwanza.

Nikabonyeza kila kitu. Nikang'oa hadi waya.

Kisu kikazunguka, kikasimama.

"Hii ni modèle?" chef Kalala akauliza kwa upole.

Hapana, chef. Haikuwa modèle wala pambo. Yalikuwa matundu ya miguu. Marehemu baba mkwe alipotengeneza meza hakupiga msumari. Alichimba kwa chini mashimo manne ya mraba, miguu ikaingia humo ikashika. Hayakutoboka juu, aliacha kifuniko cha mbao cha kutosha maisha ya watoto wake na wajukuu wake. Mimi nimekitoa asubuhi moja, nikiwa na shahidi wa serikali.

Nikachukua niveau, nikailaza juu ya huo uso wangu mpya unaong'aa. Kitone kikakimbia kikagonga ukingo na kubaki huko. Nikatazama reli za mashine. Nikatazama sakafu. Nikauona mteremko wangu, ule niliomwaga mwenyewe, unashuka taratibu kuelekea bondeni, umefanya kazi yake vizuri kabisa. Nikakaa chini juu ya vumbi.

Wenzangu, nimewahi kuharibu vitu. Nimewahi kuweka dirisha kichwa chini na mwenye nyumba akaishi nalo. Lakini hii ni nyingine. Mwanamke ameacha maharagwe ya msimu mzima akaleta huu ubao. Ameukalia juu ya lori, njia ile, wakati watu wanalala chini kwenye kona wakiogopa risasi. Amelala karibu nao kila usiku. Na kwa nini hakutaka miguu mingine? Kwa sababu ubao huu usio na miguu ndio uliokuwa unamwambia kwamba bado ana nyumba. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nimeacha kuamini kwamba atarudi. Nilikuwa nimeanza kuuona kama mbao yangu.

Chef Kalala akakumbuka kwamba ana kazi ya haraka bureau. (Jumamosi.)

Kavira akarudi na kikapu. Akaona vumbi, akaniona mimi chini, akaona matundu mawili. Hakupiga kelele. Aliweka kikapu, akapitisha kidole ndani ya tundu moja, kikatokea upande wa pili. Nikaanza kueleza habari ya kitone na mteremko. Akaniomba ninyamaze, na sikuwahi kuombwa kitu kwa adabu ya kutisha kiasi kile.

Nikamsihi amwambie mama yake yeye. Nikamwambia atumie maneno yoyote, aseme mashine imekuwa wazimu, aseme courant. Kavira akakataa. Akasema kazi ya kubeba maneno yetu ameiacha leo, tukutane wenyewe.

Na kabla sijapata mahali pa kukimbilia, mlango ukafunguka.

Mama mkwe akatoka. Alipita kando ya Kavira, akaja hadi kwenye mashine. Mimi nilisimama, nikageukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Nikamsikia akifungua vibano kimoja kimoja. Anavifungua vizuri, sijui alijifunzia wapi, labda alikuwa ananitazama siku zote hizi kupitia ufa wa mlango. Akamwita Kavira amshikie. Nikasikia ubao unashushwa.

Nilipochungulia, walikuwa wameuweka juu ya matofali yangu, hapo barazani, tofali mbili kila pembe. Umeinama vibaya, upande mwembamba bondeni, ukiweka chungwa linaondoka. Mama mkwe akautazama, kichwa upande. Kisha akamfanyia Kavira ishara, wakaunyanyua, wakauzungusha, upande mwembamba ukaja juu, kwenye mlango. Akaenda jikoni, akarudi na bakuli la maji, limejaa hadi mdomoni. Akaliweka katikati ya meza.

Maji yakatulia. Sawasawa pande zote, hayakumwagika hata tone. Mteremko wa sakafu na mteremko wa meza vilikutana vikafutana.

Nikasogea. Sikujizuia, ni ufundi, ni ugonjwa. Nikainua niveau na kuilaza kando ya bakuli. Kitone katikati kabisa.

"Kakule."

Hakuniita baba ya batoto, wala hakumgeukia kuku. Aliniita jina, mwenyewe, akinitazama usoni. Tangu nimwoe binti yake hajawahi.

"Mama," nikasema. Nayo ilikuwa mara yangu ya kwanza.

"Hapa kwako iko sawa," akasema. "Kule kwangu, sakafu haiko nainama. Ukiiweka kule, itamwaga."

Nilisema tu kwamba nisamehewe, nikarudia, nikarudia tena. Akanisubiri nimalize.

"Sasa unisikilize. Siku tutarudia Beni, utakuja na sisi. Ile miguu iko nyuma ya mulango. Mbili utaiacha vile iko. Mbili utaikata mpaka meza isimame. Na ile niveau yako utaleta, sababu ile haidanganyaka."

Kavira akageuka upande akiziba mdomo. Hakuwa analia.

"Na matundu, mama?" nikauliza.

"Utaziba. Ao maçon hazibake matundu?"

Kisha akachukua bakuli lake, akamwagia maji sakafuni, tukayatazama sote yakishuka kwenye mteremko wangu hadi nje bila kubaki hata kidogo. Akatikisa kichwa, akasema kwa sakafu nilifanya kazi nzuri. Sijui kama ilikuwa sifa. Akaenda kuendelea na maharagwe.

Leo tumekula mezani, kwa mara ya kwanza tangu mama mkwe aje. Ubao juu ya matofali, watoto wamepiga magoti kuzunguka, wa mwisho anapitisha vijiko kwenye matundu na kucheka mpaka anapaliwa. Mimi nilipewa kiti upande wa tundu la kushoto ili nilione vizuri. Mchuzi haukumwagika. Kila kijiko nilichomeza kilishuka na huzuni yake, kwa sababu meza ya baba mkwe imekubali kusimama sehemu moja tu duniani, nayo ni mahali ambapo mwenye meza hataki kubaki.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. La kwanza, yeyote atakayesikia kwamba mitaa ya mwisho ya Ruwenzori imetulia kweli, si ile ya redioni, aniambie mimi kwanza. Nina miguu miwili ya kukata.

La pili, msicheke. Au chekeni chinichini, kwa sababu mama mkwe yuko upande wa pili wa ukuta huu wa choo, amenisikia nikinong'ona haya ninapoyaandika, na tangu leo mchana hahitaji tena kuku.